Mafuta ndo yanatakiwa yatembee, si mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba mafuta ya upako yote ni uganga uliovalishwa suti, na nimjibu pia yule aliyemjibu akasema ukipinga mafuta unampinga Roho Mtakatifu. Wote wawili nimewasoma nikiwa kaunta. Mi ni mama mwenye duka hapa Busia upande wa Uganda, si mbali na mpaka, nauza mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya nywele na siku hizi hata ya zeituni maana wateja wanayaulizia sana, kwa hiyo hii mambo naiona kwa upande ambao hao ndugu pengine hawauoni. Na Biblia nasoma, si kama mwalimu wa chuo lakini nasoma.

Wacha nianze na dukani. Kuna wateja wanachukua chupa moja, hao ni watu wa kawaida tu, Mkristo anataka kuombea mtoto nyumbani, Muislamu naye anachukua ya zeituni pamoja na habasoda maana Kurani kwa Sura ya Nur inautaja mzeituni kama mti uliobarikiwa, tunapiga stori kidogo wanaenda. Alafu kuna wanaokuja kuchukua katoni. Mmoja alikuja na vijana wawili, akalipa keshi bila hata kuomba nipunguze, alafu akaniuliza kama naweza kumpa beseni na maji ya moto. Mi nikadhani anataka kunawa. Kumbe ni chupa zinalowekwa lebo zitoke! Wakakaa hapo nyuma ya duka kivulini wanakwangua gundi kwa kucha na kwa kijiko changu cha chai, mmoja anapanguza mwingine anabandika stika mpya yenye picha ya mtumishi amenyosha mkono na maandishi ya kung'aa na namba ya simu chini. Ile chupa kwangu haifiki elfu kumi. Baadaye nikaikuta kwa meza ya jirani yangu, kainunua elfu hamsini, na ananiambia polepole kama mtu anayetoa siri kwamba haya yametoka Yerusalemu. Yametoka shelfu ya tatu, chini ya sabuni, mi mwenyewe ndo niliyapanga.

Sasa hapo msomaji wa kwanza atasema si nilisema, ni utapeli mtupu. Ngoja kwanza ndugu yangu. Mtu akiuza dawa feki huwezi kusema dawa zote ni feki, inabidi urudi uone yenyewe ilikuwaje.

Stika zingine zinajisifu kwamba mafuta yametengenezwa kama ya Musa, kitabu cha Kutoka sura ya 30. Mi hiyo sura nimeisoma kwa jicho la mwenye duka. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Shekeli moja ni kama gramu kumi na moja hivi, kwa hiyo ukipiga hesabu viungo peke yake vinafika karibu kilo 17, na hini moja wataalamu wanasema ni lita kati ya tatu na sita. Hebu fikiria kilo 17 za viungo kwa kamtungi kadogo ka mafuta! Hiyo si bei ya elfu hamsini, hiyo mtu anauza shamba. Na ukiendelea kusoma mistari michache tu chini, Mungu anasema yale mafuta ni ya hema, ya sanduku, ya vyombo, ya Haruni na wanawe, mtu wa kawaida asimiminiwe, na yeyote atakayechanganya mengine mfano wake atakatiliwa mbali na watu wake. Kwa hiyo huyo wa stika ana mawili, ama anadanganya kwamba ni mafuta ya Musa, ama anasema kweli na hiyo sura anayoitaja ndo inamhukumu. Sijui huwa wanaifunga Biblia kabla ya kufika mstari wa 32 au vipi.

Kuna ile nyingine ya kusema usimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Hii imekuwa kufuli ya midomo. Ukiuliza sadaka ya kujenga ilienda wapi, usimguse mpakwa mafuta. Ukiuliza kwa nini binti wa kwaya anaitwa usiku, usimguse. Lakini aliyekataa kunyosha mkono juu ya mpakwa mafuta wa Bwana ni Daudi, 1 Samweli 24, wakati mfalme Sauli anamwinda na yeye Daudi yuko pangoni na kisu mkononi. Alikataa kumuua, ndio, lakini hakunyamaza, alimkata upindo wa vazi, akatoka nje akamwita kwa sauti mbele ya askari wote, akamuuliza kwa nini unanitafuta, mi nimekukosea nini, Bwana atuamue. Yani kutoguswa kulikuwa ni kutouliwa, si kutoulizwa. Na Daudi mwenyewe, naye kapakwa mafuta, Samweli alimtia mafuta toka kwenye pembe mbele ya ndugu zake, alipomchukua mke wa Uria nabii Nathani aliingia ndani ya nyumba yake akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Hakuna aliyemwambia Nathani akae kimya. Na Sauli pia alikuwa kamiminiwa kichupa kizima kichwani na tunajua aliishia wapi. Kwa wafalme mafuta yalikuwa ni kukabidhiwa kazi mbele ya watu na kazi yenyewe ngumu, Daudi alivopakwa tu si zile gari na nyumba za ghorofa zikaja, ni mikuki na kulala mapangoni miaka.

Hata mfalme Charles wa Uingereza, tarehe 6 Mei 2023 tulikuwa tunaangalia kwa TV ya duka la jirani, mafuta yake yalitoka kwa mizeituni ya Mlima wa Mizeituni na yakabarikiwa kule Yerusalemu, kweli Yerusalemu, na ilipofika saa ya kupakwa wakaleta pazia wakamzunguka, dunia nzima haikuona. Sisi huku kamera inasogezwa karibu na kinanda kinapandishwa.

Sasa nije kwa wagonjwa maana hapo ndo penye neno langu. Marko 6 mstari wa 13 wanafunzi walipaka mafuta watu wengi waliokuwa hawajiwezi na wakawaponya, hilo limeandikwa, msomaji wa kwanza asilifute. Lakini andiko ambalo makanisa mengi yanasimamia ni Yakobo 5, kuanzia mstari wa 14. Watu wanalisoma haraka sana. Linasema mtu wa kwenu amekuwa hawezi, na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalia nani anaita na nani anaitwa. Mgonjwa kalala kwake, anatuma mtoto, wazee wanafunga sandali wanakuja. Wazee, wengi, si mmoja mwenye picha. Mafuta ndo yanatembea. Siku hizi tumegeuza, mgonjwa ndo anapandishwa boda akiwa kashikiliwa na mtu nyuma asianguke, anapelekwa kwenye mstari toka asubuhi, analipia, anapewa chupa, anarudi nayo nyumbani na anabaki peke yake na chupa. Kile Yakobo alichokiagiza, yani watu kuja kukaa na wewe, hakipo. Kimebaki kile cha bei nafuu kuliko vyote, na ndo kinachouzwa ghali.

Na pesa kwa hiyo sura haipo kabisa, nimeitafuta. Ukitaka kuona mafuta na pesa pamoja kwa Biblia, nenda Luka 10, yule Msamaria alimfunga jeraha mtu yule akamtia mafuta na divai, alafu akampandisha kwa mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni na akatoa dinari mbili za kumtunza. Aliyepaka ndo alilipa. Au nenda 2 Wafalme 4, mjane na mafuta yake kwa nabii Elisha, yalipoongezeka akayauza, pesa ilipopatikana alilipa deni lake na iliyobaki akala na wanawe, nabii hakuchukua hata senti. Hawa wetu wanaihubiri sana hiyo hadithi ya mjane, kila mwezi mtu anaihubiri, ila mwisho wake wanaubadilisha.

Mkwe wangu, mama mzaa mume wangu, ni Mkatoliki wa siku nyingi, mi nimekulia Protestanti. Alipougua kule kijijini upande wa Tororo, watoto wake walikataa padri asiitwe, eti akija padri na mafuta ndo mwisho, mgonjwa ataogopa atajua anakufa. Hii ni mawazo ya zamani, walikuwa wanaiita sakramenti ya mwisho. Nikawauliza, hata kanisa lenu lilishaacha kuiita hivo, Mtaguso wa Vatikani, yani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963 ulisema jina lifaalo zaidi ni mpako wa wagonjwa na kwamba si ya wale tu walio ukingoni mwa kufa, na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita akatoa utaratibu mpya. Mzee akidhoofika kwa umri anaruhusiwa, mtu anayeenda kufanyiwa operesheni kubwa anaruhusiwa, ukipona ukaugua tena unapakwa tena. Mi Mprotestanti ndo nikawa nawaelezea, walicheka.

Padri akaja kwa pikipiki, koti limejaa vumbi. Alitoa mfukoni kichupa cha chuma kidogo kama kidole gumba, ndani kuna pamba imelowa mafuta, hata harufu haisikiki. Akamsalimia mama kwa jina, akamuuliza usiku umelalaje, akatuomba tusogee tusijazane mlangoni alafu tukasogea karibu zaidi. Akamwekea mikono kichwani bila kusema kitu, kimya kirefu mpaka kuku wa nje wakasikika. Alafu akampaka kwenye paji la uso, na viganja vyote viwili, maneno mafupi tu, mama akasema amina mara mbili. Kwa utaratibu wa zamani walikuwa wanapaka macho, masikio, pua, mdomo, mikono na miguu, mama mkwe aliikumbuka hiyo, alimuuliza padri na miguu je? Padri akacheka akamwambia miguu itapona yenyewe. Akakaa akanywa chai, akaondoka, hakuna bahasha. Na wale watoto waliokuwa wanaogopa ndo walimsindikiza mpaka barabarani.

Nilimuuliza mafuta yenyewe yanatoka wapi akanieleza kwamba Askofu ndo anayabariki mara moja kwa mwaka, Alhamisi Kuu au siku ya karibu yake mapadri wote wakiwa wamekusanyika. Yako ya aina tatu, ya wagonjwa, ya wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, na krisma ambayo imetiwa manukato, ya ubatizo na kipaimara na upadri. Na si lazima yawe ya zeituni, tangu huo utaratibu wa 1972 wanaruhusu mafuta mengine yatokanayo na mimea kama zeituni haipatikani. Hapo nikafikiria kule kaskazini Lango na Acholi, wana yale mafuta ya mti wa yaa, yani shea, wanapaka watoto wachanga toka enzi na enzi, na sisi wengine tuna simsim. Hakuna anayehitaji kuuziwa Yerusalemu kwenye chupa.

Waorthodoksi nao wana yao, hawa wako Uganda toka Reuben Spartas alipojitenga na Waanglikana mwaka 1929, na kwa utaratibu wao kamili mapadri saba wanaungana kumwombea mgonjwa mmoja. Saba! Wasabato wazee wao wanakuja nyumbani ukiwaita, kimyakimya. Walokole wa zamani, wale wa uamsho wa miaka ya 1930 wa kina Simeon Nsibambi, wao sikumbuki nyanya yangu akisema walibeba chupa, wao walibeba kuungama. Na hiyo pia imo kwa Yakobo hapohapo, mstari wa 16, ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. Yani wazee wetu walishika mstari wa 16 wakaacha wa 14, vijana wameshika wa 14 wakaacha wa 16, na bado ni sura moja, ingesomwa yote tungepunguza kelele.

Sasa kuna hili la dawa, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo unisamehe Mhariri. Kuna mteja wangu mama muuza samaki, ana presha, alikuwa anameza vidonge vyake vizuri. Akaenda sehemu, siitaji, akapewa chupa yake na akaambiwa ukishapakwa alafu ukameza vidonge unaonyesha shaka. Akaacha. Haikupita muda mrefu akaanguka akiwa anapanga samaki asubuhi, sasa mkono wa kushoto haushiki na maneno yanatoka kwa shida. Binti yake alipiga ile namba ya kwenye stika, inaita tu. Akapiga kwa simu yangu, inaita tu. Mpaka leo hakuna aliyekuja kumwona kutoka kule. Na Yakobo hakusema popote waache dawa, na siku zile mafuta yenyewe yalikuwa ni dawa ya vidonda, Isaya 1 inalia kwamba majeraha hayakufungwa wala kulainishwa kwa mafuta. Kumtenganisha mgonjwa na kliniki kwa jina la mafuta ni kitu ambacho hata hao wa kale wangekishangaa. Wenye ARV, wenye kisukari, tafadhali, pakwa mafuta na umeze dawa, Mungu haoni wivu na kidonge.

Na kitu kingine kabla sijasahau, kuna mahali watu wananyweshwa hayo mafuta, kijiko kwa kijiko. Watu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, wakija dukani kwangu wanakagua mafuta ya kupikia kama yana ile alama ya Q, tarehe ya kuisha, kila kitu, na wako sawa. Ila chupa ikishabanduliwa lebo, tarehe yake ilikuwa kwenye ile lebo iliyobaki kwenye beseni langu. Nani anajua wanakunywa ya mwaka gani? Mi naona hilo halihitaji mjadala wa imani, ni usalama wa chakula. Nilishakataa kutoa beseni, na nikapoteza wateja wawili wa katoni, waende tu.

Kwa huyo ndugu anayesema yote ni uganga, mi naona tofauti iko wazi. Uganga unaitafuta nguvu ndani ya kitu, kwa hiyo kitu kinafichwa, kinalindwa, kinauzwa. Yakobo anasema kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa na Bwana atamwinua, hakusema mafuta yatamwinua. Na Yesu mwenyewe kwa Injili alitumia mate, alitumia tope, alishika mkono, mara nyingi alisema neno tu, sijaona mahali ameandikwa amempaka mgonjwa mafuta kwa mkono wake. Kwa hiyo asiyepakwa hajapungukiwa na aliyepakwa hajatapeliwa, mradi waliompaka walikuja, walikaa, na wanajua jina lake.

Sisi kwa kanisa letu hapa tumeanza kitu kidogo. Jumamosi mchana wazee wawili na sisi kina mama wachache tunaenda kwa waliolala, anayeita ndo tunaenda kwake. Mafuta natoa dukani, kijichupa kimoja kinakaa miezi maana ni tone tu linalohitajika. Kuna mzee mmoja kati yetu kabla hata ya sala anauliza umekula nini leo na dawa umemeza, na asipopata jibu la kueleweka anamtuma mtu jikoni. Tunasoma, tunaomba, anapaka kwenye paji la uso, wengine tunaosha vyombo. Kuna waliotuuliza kama akina mama tunahesabika kuwa wazee wa Yakobo, sijui bwana, wachungaji wataamua, lakini mgonjwa akiwa mama na shuka linahitaji kubadilishwa huyo mzee atatoka nje tu. Yule muuza samaki tunaenda kwake. Mkono bado, ila vidonge amerudia, na juzi aligombana na binti yake kuhusu bei ya mukene, yani dagaa, kwa hiyo maneno yanarudi.

Shida yetu sasa ni vijana. Wanapenda ibada ya kesha yenye spika kubwa, lakini ukiwaambia twende kwa mzee fulani kijijini tukamsalimie wanasema wana mtihani. Kama kuna kanisa upande wa Malaba au Tororo au hata huko Mbale wanafanya hivi na wamefanikiwa kupata vijana wa kutembea nao, naomba waandike kwa ukurasa huu watuambie wamefanyaje, maana sisi wengine magoti yanatuuma na mvua zikianza hizo njia za huku hazipitiki kwa miguu.

Mama Duka,
Busia, Uganda